Type-C imeshinda, lakini hatari ya chaja imebaki ukutani

Tangu Desemba 28, 2024, simu mpya inayoingizwa sokoni katika nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya lazima iwe na tundu la kuchajia la aina moja tu: USB-C, ile ambayo mtaani inaitwa Type-C. Tabiti, kamera, hedifoni na spika za kubebeka navyo vimo. Kompyuta mpakato zilipewa muda zaidi, hadi Aprili 28, 2026.

Hakuna mbunge wa Dodoma wala Nairobi aliyeipigia kura sheria hiyo, lakini matokeo yake yameshafika kwenye meza za wauza simu wa Kariakoo na Luthuli Avenue. Kampuni haiwezi kutengeneza simu moja kwa ajili ya Ulaya na nyingine kwa ajili ya Afrika Mashariki kwa sababu ya tundu tu, hailipi. Aliyekuwa anatembea na waya tatu, mmoja wa Samsung ya zamani, mmoja wa iPhone na mwingine wa pawabenki, sasa anatembea na mmoja.

Ni nafuu ya kweli. Wanaokumbuka enzi za pini nene na pini nyembamba za Nokia, na ile chaja ya kubana betri ambayo Tanzania iliitwa kobe, wanajua tabu ya kuzunguka mtaa mzima kuuliza nani ana chaja inayoingia.

Ila sheria hiyo imemaliza ugomvi wa upande mmoja wa waya. Upande wa pili, ule unaoingia ukutani kwenye volti 230, uko vilevile. Na tundu la simu halijawahi kuwa ndilo linaloua mtu. Kinachoua ni kichwa cha chaja, soketi na ekstensheni.

Sheria ilitungwa kwa ajili ya taka

Safari ya Ulaya ilikuwa ndefu. Mwaka 2009 kampuni kubwa za simu, Apple ikiwemo, zilisaini makubaliano ya hiari ya kutumia micro-USB. Apple ikapita pembeni: badala ya kubadili tundu, ikauza kiunganishi cha ziada. Mwaka 2012 ikaleta Lightning, tundu lake yenyewe, na hapo makubaliano ya hiari yakabaki kwenye karatasi.

Oktoba 4, 2022, Bunge la Ulaya likapitisha sheria ya lazima kwa kura 602 za ndiyo dhidi ya 13 za hapana. Apple ilikuwa imepinga kwa hoja kwamba kulazimisha tundu moja kutaua ubunifu. Septemba 2023 ikatoa iPhone 15 yenye USB-C, na mwisho wa 2024 ikaacha kuuza iPhone 14 na SE katika sehemu kubwa ya Umoja huo. Ubunifu haukufa.

Cha kuangalia ni hesabu zilizotumika kuitetea sheria. Tume ya Ulaya ilisema chaja zinazotupwa na zisizotumika ni kama tani 11,000 za taka kila mwaka, na kwamba wanunuzi wa huko hutumia euro bilioni 2.4 kwa mwaka kununua chaja peke yake. Taka na fedha. Suala la mtu kupigwa shoti halikuwa ajenda, kwa sababu Ulaya ililishughulikia zamani kwa sheria nyingine za usalama wa vifaa vya umeme, zenye wakaguzi, faini na mfumo wa kurudisha bidhaa mbovu.

Kwa hiyo kinachoingia Afrika Mashariki ni nusu ya mfumo: tundu limekuja, zile sheria nyingine na wakaguzi wake wamebaki huko.

Simu inakuja, kichwa hakiji

Sheria hiyo ina kipengele cha pili ambacho hakizungumzwi sana. Mnunuzi wa Ulaya lazima apewe nafasi ya kununua simu bila chaja. Kwa kweli kampuni zilishatangulia: Apple iliondoa kichwa kwenye boksi Oktoba 2020 ilipotoa iPhone 12, na Samsung ikafuata Januari 2021 na Galaxy S21. Sababu waliyotoa ni mazingira. Brazil haikukubali, na Septemba 2022 iliipiga Apple faini na kuzuia uuzaji wa iPhone zisizo na chaja.

Hoja ya mazingira inasimama juu ya dhana moja, kwamba kila nyumba tayari ina droo yenye chaja nzuri mbili tatu. Kwa mtu wa Munich huenda ni kweli. Kwa kijana wa Mbagala aliyejibana miezi sita akanunua iPhone ya mtumba iliyotoka Dubai, droo hiyo haipo. Amepewa simu ikiwa imefungwa nailoni. Akitoka dukani kituo kinachofuata ni kwa machinga, na chaja anayonunua ni ya buku chache, imeandikwa jina la kampuni kubwa na boksi lake linang'aa kuliko la kampuni yenyewe.

Uamuzi wa usalama uliokuwa unafanywa na mhandisi wa kiwanda sasa unafanywa na mnunuzi, barabarani, akiwa amebakiwa na chenji.

Kilichomo ndani ya kichwa

Kichwa cha chaja kinafanya kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kushusha volti 230 za ukutani hadi 5, au 9, au 20, kulingana na simu inavyoomba. Ya pili haionekani, nayo ndiyo inayomlinda mtu: kutenganisha.

Ndani kuna pande mbili, upande wa umeme wa TANESCO au Kenya Power, na upande wa simu. Kati yake hakuna waya unaopita moja kwa moja. Nishati inavuka kwa sumaku kupitia transfoma ndogo. Kwenye kibao cha ndani pande hizo zinaachwa mbali kwa milimita kadhaa, na nyaya za transfoma zinazungushiwa tabaka za kuhami ili hata tabaka moja likiungua jingine libaki.

Mtengenezaji anayetaka kushusha bei anaanzia hapo hapo. Anasogeza pande zikaribiane. Anapunguza tabaka za kuhami. Anaondoa fyuzi ndogo na vichujio, kwa sababu hakuna mteja atakayefungua kuangalia. Chaja itachaji vizuri tu, mwezi, hata mwaka. Siku unyevu ukiingia, au joto likichoma kilichobaki cha kuhami, au umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, volti 230 zinavuka hadi kwenye waya, kwenye fremu ya chuma ya simu, kwenye hedifoni iliyo sikioni.

Ndiyo maana ile hoja ya "mbona mimi ninayo miaka miwili na haijanifanya kitu" haina uzito. Chaja mbovu ya namna hii haitoi dalili kwa kushindwa kuchaji.

Kipimo kikubwa kilichofanywa hadharani kinatisha. Mwaka 2016 chama cha wasimamizi wa viwango vya biashara cha Uingereza, CTSI, kilitoa matokeo ya chaja 400 za kuigiza za Apple zilizonunuliwa mtandaoni kutoka nchi mbalimbali. Zilizokuwa na kinga ya kutosha dhidi ya kupigwa shoti zilikuwa 3. Mwaka uliofuata shirika la Electrical Safety First la huko huko likapima chaja 64 za aina hiyo, na 63 zikaanguka.

Kumbuka, hizo zilikuwa bidhaa za kuuzwa kwa watu wenye wakaguzi.

Julai 2013 vyombo vya habari vya China viliripoti kifo cha mwanamke aliyepigwa na umeme alipokuwa akitumia simu iliyokuwa ikichajiwa, na macho yakaelekezwa kwenye chaja isiyo halisi. Mwezi uliofuata Apple ilianzisha mpango wa kupokea chaja za kuigiza na kumuuzia mteja halisi kwa bei ya chini, dola 10 kwa Marekani. Kampuni haifanyi hivyo kwa tatizo dogo.

Kwa nini breka haikuokoi

Wengi wanaamini kwamba kukitokea shida breka itaruka. Kwa shoti ya kawaida, waya kugusana na waya, ni kweli. Kwa mtu aliyeshika simu, sivyo.

Hesabu ni hii. Chaja ya wati 20 inavuta ukutani ampia isiyozidi kama 0.1, yaani miliampia 100. Miliampia 30 tu zikipita kifuani kwa muda wa kutosha zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Breka ya soketi ni ya ampia 20 au 32. Umeme unaotosha kuua ni kidogo mno kwake. Haujui kama upo. Breka ya kawaida iliwekwa kulinda waya wa nyumba usiungue. Mtu hayumo kwenye hesabu yake.

Kinachomlinda mtu ni breka ya aina nyingine, RCCB, ile yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ikiona tofauti ya miliampia 30, maana yake kuna umeme unapita kwingine, pengine kwenye mwili wa mtu, na inakata ndani ya sehemu ya sekunde. Kitufe cha T ni cha kujaribia: ukikibonyeza umeme lazima ukatike. Usipokatika, fundi aitwe. Nyumba za kupanga ambazo vyumba kumi vinavuta kwenye mita moja, kila mpangaji na ekstensheni yake, mara nyingi kifaa hicho hakipo kabisa, na mwenye nyumba hajawahi kuulizwa.

Kalamu kwenye tundu la juu

Hapa ndipo Tanzania, Kenya na Uganda zina tatizo lao wenyewe, ambalo Brussels haliko.

Nchi hizi zilirithi soketi ya Kiingereza, ya matundu matatu ya pembe nne. Kiwango chake, BS 1363, kilitoka mwaka 1947. Ni soketi nzuri sana. Matundu mawili ya chini yana vifuniko vya ndani vinavyofungwa, na vinafunguka pale tu pini ndefu ya juu inapoingia. Mtoto akichomeka msumari tundu la chini, hagusi kitu. Hilo ndilo lengo.

Sasa tazama kinachofanyika kila siku sebuleni. Mtu ana chaja ya pini mbili za duara, iliyotengenezwa kwa soketi za Ulaya bara au China. Haiingii. Anachukua kalamu ya Bic, kijiti au hata ufunguo, anausukuma tundu la juu, vifuniko vinafunguka, anaingiza chaja kwa nguvu. Watoto wanatazama. Wanajifunza kwamba soketi inafunguliwa kwa kuchomeka kitu kwenye tundu. Mtoto wa miaka minne hachagui kama ni kalamu ya plastiki au pini ya nywele, wala kama ni tundu la juu au la chini.

Hasara haiishii hapo. Matundu ya chini ya soketi hiyo yako umbali wa milimita 22, pini za Ulaya ziko karibu milimita 19. Zinaingia kwa kupinda, na zinashika kwa ncha tu. Vyuma vya ndani vya soketi vinatanuka, vinalegea. Kwa chaja yenyewe si neno, maana inavuta umeme kidogo. Tatizo ni kinachochomekwa baada yake. Jioni pasi ya wati 2,000 inaingia soketi hiyo hiyo, inavuta karibu ampia 9 kupitia vyuma vilivyolegea, na sehemu iliyolegea inapata joto. Soketi inaanza kuwa ya kahawia, inanuka plastiki. Moto ukitokea watu watasema ni pasi. Soketi iliharibiwa na chaja ya simu, miezi kadhaa nyuma.

Kuna wanaodhani ile pini ya tatu ya plastiki kwenye chaja nzuri ni urembo, kwa sababu haipitishi umeme. Kazi yake ni hiyo moja, kufungua vifuniko kwa usalama ili kalamu isihitajike.

Adapta zile za "nchi zote" zinazouzwa barabarani hazitibu ugonjwa. Nyingi zina tundu la wazi linalopokea chochote, pini ya aina yoyote, na kidole cha mtoto pia.

Uingereza, iliyozaa soketi hii, ilimaliza suala hilo kwa kanuni za mwaka 1994: vifaa vya nyumbani vinauzwa vikiwa na plagi inayoingia kwenye soketi za huko. Afrika Mashariki soketi ni zile zile, lakini chaja za pini mbili bado zimejaa sokoni.

Simu feki ilizimwa ofisini

Usiku wa Juni 16, 2016, TCRA ilizima simu feki nchini Tanzania. Kenya ilifanya hivyo mapema zaidi, mwisho wa Septemba 2012. Kulikuwa na manung'uniko, watu walipoteza simu walizonunua kwa jasho, lakini kazi ilifanyika, na ilifanyika kutoka ofisini. Kila simu ina namba yake ya IMEI, ile inayotokea ukibonyeza *#06#. Mtandao unaiona. Namba ikiwa ya uongo, simu inafungwa.

Chaja haina IMEI. Haijiungi na mtandao wowote. Hakuna mtu Dodoma wala Nairobi anayeweza kujua ngapi ziko ukutani usiku wa leo, sembuse kuzizima. Cha ajabu ni kwamba simu feki ilikuwa zaidi tatizo la mapato, wizi na ubora wa mtandao, wakati chaja feki ndiyo inayoweza kuchoma nyumba. Nguvu ya serikali ilikwenda palipokuwa rahisi kufika.

Si kwamba hakuna vyombo. Tanzania ina TBS kwa viwango, na FCC kwa bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa. Kenya ina KEBS na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Pande zote mbili zina mpango wa kukagua bidhaa huko huko zinakotoka kabla hazijapakiwa melini, na Kenya ina stika ya bidhaa za nje ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi.

Ugumu ni kwamba chaja ni ndogo. Inaingia ndani ya kontena la bidhaa nyingine, kwenye mabegi ya wafanyabiashara, kwenye vifurushi. Ikishagawanywa kwa machinga mia, kumfukuza mmoja mmoja ni kupoteza muda na kumuonea mtu anayetafuta chakula. Naye hajui kilichomo ndani ya kichwa anachouza, na nyumbani kwake anatumia hicho hicho.

Alama za kwenye boksi nazo zisimdanganye mtu. Herufi CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza masharti ya Ulaya. Kwa bidhaa kama chaja si muhuri wa mkaguzi wa serikali. Anayeigiza jina la kampuni hashindwi kuigiza herufi mbili.

Waya nao una siri

Type-C imeleta mkanganyiko mpya pia, japo huu ni mdogo kuliko watu wanavyouogopa. Chaja yenye nguvu kubwa haichomi simu ndogo. Kichwa halisi cha wati 65 kinaanza na volti 5, kisha kinazungumza na simu, na simu inasema inataka kiasi gani. Mtu anaweza kuchaji simu kwa chaja ya kompyuta mpakato bila hofu, mradi ni chaja ya kweli.

Tatizo ni waya usiosema ukweli. Miaka ya mwanzo ya USB-C, mhandisi wa Google aitwaye Benson Leung alianza kununua waya mtandaoni na kuzipima moja moja. Februari 2016 waya mmoja uliounganishwa vibaya kiwandani uliua kompyuta aliyokuwa akipimia. Mwezi uliofuata Amazon ikapiga marufuku waya zisizofuata kiwango. Kwa nje waya huo ulifanana na wenzake wote.

Hiyo ndiyo hasara ya tundu moja. Zamani waya usiofaa haukuingia. Sasa kila kitu kinaingia kila mahali, cha wati 10 na cha wati 240. Waya mwembamba ukipata moto wakati wa fasti chaji, au plastiki ya kwenye shingo ikianza kulainika, umeshasema unachotaka kusema.

Na ule mwasho unaosikika ukipitisha kidole kwenye simu ya chuma inayochajiwa? Hata chaja halisi huwa nao, ni umeme kidogo mno unaoruhusiwa na kiwango. Ila kidole hakiwezi kutofautisha mwasho huo na wa chaja iliyoanza kuvujisha. Kichwa kisichojulikana kilikotoka kikianza kuwasha, kiondolewe siku hiyo hiyo.

Umeme wenyewe

Hata chaja bora inakaa kwenye mazingira magumu huku. Umeme ukikatika na kurudi huja na msukosuko. Mbaya zaidi ni nyutro inapokatika kwenye nguzo au kwenye meni swichi ya jengo la fezi tatu: baadhi ya vyumba vinapungukiwa, vingine vinapanda kuelekea volti 400. Taa zinawaka kupita kiasi, feni inakimbia. Chaja zenye kinga zinakufa kimya. Zisizo na kinga zinapasuka, na mara nyingine zinawaka. Ukiona taa za nyumba zimeng'aa ghafla bila sababu, zima meni swichi kwanza, maswali baadaye.

Kuacha simu ikichaji usiku kucha, kwa simu ya kisasa, si hatari yenyewe. Simu inajizuia ikijaa. Hatari ni mahali ilipo. Chini ya mto, juu ya godoro la sponji, kichwa cha chaja kikiwa kwenye ekstensheni iliyo ndani ya neti: joto halina pa kutokea, na kinachozunguka chote kinawaka. Mikono mibichi na sakafu yenye maji ni hadithi inayojulikana.

Kanuni inayoonekana kwa macho

Ulaya yenyewe sasa imegeukia upande wa ukuta. Oktoba 2025 Tume ya Ulaya ilipitisha kanuni mpya za vichwa vya chaja: vya USB viwe na walau tundu moja la Type-C, vikubali waya unaochomoka, na visipoteze umeme ovyo. Vitaanza kulazimishwa mwisho wa 2028. Kufikia hapo watengenezaji watakuwa na shehena ya vichwa vya zamani visivyouzika Ulaya, na kila mtu anajua bidhaa isiyouzika Ulaya huwa inatafuta bandari gani.

TBS na KEBS haziwezi kupasua kila kichwa kupima milimita za ndani. Zinaweza kuchukua sampuli kwa waagizaji wakubwa, kwenye maghala, kabla mzigo haujasambaa. Hilo ni rahisi kuliko kukimbizana barabarani. Lakini kuna jambo rahisi zaidi. Chaja ya pini mbili haihitaji maabara kuitambua. Ofisa wa forodha anaiona, mwenye duka anaiona, mama aliyekwenda kununua anaiona kabla hajafungua pochi. Katazo la kuuza chaja isiyoingia kwenye soketi za nchi bila kalamu halitaondoa chaja feki, kwa sababu feki ya pini tatu ipo pia. Litaondoa kalamu, litaokoa soketi, na litawalazimu wanaoleta mzigo wa bei ya chini kabisa kubadili kiwanda wanachoagizia.

Mpaka hapo, mnunuzi amebaki na macho yake. Kichwa chepesi kama ganda, pini zinazocheza, maandishi yenye makosa ya tahajia, pasipo mstari unaosema kinapokea volti 100 hadi 240: hicho kirudishwe mezani. Kwa aliyeokoa fedha kwa kununua simu ya mtumba, kichwa kizuri chenye pini tatu kutoka duka linalotoa risiti ni sehemu ya bei ya simu hiyo, na angeihesabu humo tangu anapatana.